Nilivyopata wateja kwa kujibu maswali kwenye kurasa za mafundi

Juzi niliuliza hapa nani anataka niandike nilivyopata wateja bila kulipia tangazo hata moja, mkasema andika. Leo bando lipo na dukani kumetulia, ngoja niandike. Ni ndefu, kaa vizuri.

Mimi nauza vifaa vya kushonea hapa Morogoro mjini, sio mbali na soko kuu. Uzi, sindano, zipu, vifungo, lastiki, bitana, bobini na vipuri vidogo vidogo vya cherehani. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, nikakaa dukani kwa mtu miaka miwili kisha nikafungua la kwangu. Mtaji alitoa mama. Aliuza mpunga wake wa msimu mzima akanipa 1,350,000. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 90,000 kwa mwezi, kwa hiyo 540,000 iliondoka kabla sijaweka hata pini mezani. Iliyobaki ndiyo ikawa bidhaa na shelfu.

Basi bwana, miezi minne ya kwanza nilikuwa nauza 6,000 kwa siku, siku nyingine 2,500. Mafundi wa mjini hapa wana maduka yao waliyoyazoea miaka mingi, wanakopeshwa, wanajuana kwa majina. Mimi ni nani waje kwangu? Mama alikuwa anapiga simu kila Jumapili. "Baba, biashara inaendaje?" Namjibu inaenda mama, inaenda. Nilikuwa namdanganya. Kodi ilikuwa imebaki ya miezi miwili na sikuwa na uhakika wa kulipa nyingine.

Hapo ndipo nikasikia kwa mtu kwamba ukitaka ukurasa wako ukue, nenda ukakomenti kwenye kurasa za watu wenye wafuasi wengi. Nikajiona mjanja. Nikaandika maneno haya: "Karibuni dukani kwetu, vifaa vyote vya ushonaji kwa bei poa, tupo Morogoro mjini," na namba ya simu. Nikanakili. Usiku mmoja nikapita kurasa kama arobaini nabandika yale yale. Kurasa za mafundi, za wauza vitenge, za wapambaji wa harusi, mpaka za udaku.

Matokeo? Mtandao wenyewe ulinizuia kukomenti kwa siku kadhaa, maana ukirudia maneno yale yale mara nyingi unaonekana kama mashine. Mafundi wawili walinibloki. Mmoja aliandika chini ya tangazo langu, "Kijana, hapa sio mnadani," na watu wakacheka. Simu ilipigwa moja tu, mtu anauliza kama nina magodoro.

Niseme ukweli, nilikasirika. Niliona watu wana roho mbaya, nimeandika tu tangazo. Baadaye nikajiuliza, hivi mimi nikiwa nimekaa na wateja wangu dukani, akaingia mtu hajasalimia, akasimama katikati akatangaza duka lake akatoka, ningemchekea?

Sasa hapa lazima nimtaje mzee. Kibarazani kwangu anakaa mzee mmoja anatengeneza cherehani. Hana fremu, nikamwambia akae tu bure, kivuli kipo. Kwa kuwa wateja sikuwa nao, nilikuwa nashinda namsikiliza anavyoongea na mafundi wanaoleta mashine. Cherehani inaruka mshono, anauliza kwanza unashona kitambaa gani. Uzi unakatika, anatoa sindano anaipitisha kwenye ukucha kusikia kama ncha ina kibutu. Butterfly, Singer, za umeme, zote anazijua. Mimi kushona sijui hata kidogo, lakini miezi minne ya kukaa na mzee yule ilinifundisha vitu vingi kuliko nilivyodhani.

Usiku mmoja, adhabu ya kukomenti ikiwa imeisha, nikakuta posti ya dada mmoja fundi. Kapiga picha sare za wasimamizi wa harusi, satini ya kijani, mishono yote imejikunja kama imevutwa na kamba. Harusi ni Jumamosi, hiyo ni Alhamisi. Ameandika tu, "Nimechoka." Chini yake komenti zaidi ya hamsini: pole dada, Mungu akutie nguvu, pole mpambanaji. Hakuna hata mmoja aliyemwambia afanye nini.

Nikaandika hivi, bado ninayo:

"Pole na kazi dada. Kabla hujafumua vyote jaribu kwenye kipande kidogo. Angalia sindano iliyopo, kama ni namba 14 au 16 itoe, satini inataka nyembamba, 10 au 11. Weka mpya kabisa, ya zamani ncha imekuwa butu na inavuta nyuzi za kitambaa. Halafu legeza tensheni ya juu kidogo kidogo, kila ukilegeza unashona kipande unaangalia. Na wakati unashona kishike kitambaa mbele na nyuma ya mguu wa cherehani kikae kimenyooka, lakini usikivute."

Sikuweka namba ya simu wala kutaja duka. Sio kwamba nilikuwa na hekima, niliogopa kublokiwa tena.

Akajibu hapo hapo anauliza namba inasomwa wapi. Nikamweleza, kwenye pakti utaona kumeandikwa 90/14 au 70/10, ile namba kubwa ya mwanzo ni unene wa sindano, 90 maana yake ni milimita 0.9, kwa hiyo ikishuka sindano inakuwa nyembamba. Akatafuta kwenye kopo lake akapata moja ya 11. Tukawa tunajibizana pale pale mbele za watu mpaka karibu saa tano usiku. Mwisho akaandika, "Imekubali jamani," akaweka na picha ya kipande kimenyooka.

Asubuhi naamka, watu wameanza kunifuata. Wengine wanaandika kwenye ile posti, hizo sindano za 10 na 11 zinapatikana wapi, huku kwetu madukani ni 14 na 16 tu. Nikafungua boksi langu la sindano. Nina 14, 16 na 18. Yaani nimemfundisha mtu sindano ambayo mimi mwenyewe siiuzi!

Nilitaka kuandika "zimeisha, zinakuja". Nikaacha. Nikaandika kwamba sina, nafuata Kariakoo, nitawaambia zikifika. Jumatatu yake nikapanda treni ya umeme asubuhi, nikarudi na pakti ishirini za 10 na ishirini za 11. Ziliisha ndani ya siku tisa. Kwa duka lililokuwa linauza 2,500 kwa siku, nilikaa nikaziangalia zile pesa.

Nieleze sasa ninavyofanya. Kwanza nilitafuta kurasa ambazo wanaokaa pale ni watu wanaonunua ninachouza. Hii ndiyo iliyoniponza mwanzo. Ukurasa wa udaku una watu laki kadhaa, lakini nani kule anahitaji bobini? Ukurasa wa fundi mmoja wa Kihonda mwenye wafuasi 900, wengi wao ni mafundi wenzake na wanafunzi wake, ule kwangu ni mali. Ninazo kurasa kama kumi na mbili na magrupu mawili ya Facebook, nazipitia usiku baada ya kufunga duka, nusu saa hadi saa moja. Sikomenti kila posti. Kama sina cha kusaidia napenda tu napita. "Kazi nzuri dada" mia haziwezi kukuletea mtu, kila mtu anaandika hivyo.

Pili, jibu lenyewe liwe kamili. Hapa ndipo wafanyabiashara wengi tunabana. Tunaandika "njoo inboksi nikuelekeze." Mtu ana shida sasa hivi, kashika kitambaa mkononi, wewe unamwambia akufuate chumbani! Wengine wanasema ukitoa siri yote mteja hatakuja. Mimi niliyoyaona ni kinyume. Chukua mfano wa swali ninalokutana nalo kuliko yote, uzi kujaa chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Fundi akiona uzi umejaa chini anafikiri tatizo lipo chini, anaanza kukaza skrubu ya kikasha cha bobini. Anaharibu na kile kilichokuwa kizima. Mara nyingi tatizo lipo juu, uzi wa juu haujakaa katikati ya vile visahani vya tensheni. Nyanyua mguu wa cherehani, hapo visahani vinafunguka, toa uzi wa juu wote pitisha upya, halafu ndio ushushe mguu. Ukitaka kujua kama bobini iko sawa, ning'iniza kikasha kwa uzi wake, kitikise kidogo, kinatakiwa kishuke kidogo kisimame. Kikidondoka moja kwa moja kimelegea, kisiposhuka kabisa kimekaza.

Hilo jibu halimfanyi mtu anunue chochote, si ndiyo? Cherehani imepona, pesa yake imebaki mfukoni. Lakini mwezi ujao akitaka zipu hamsini za sare za shule anakumbuka kuna kijana aliniokoa bure. Na wale wengine waliosoma kimya kimya bila kuuliza ni wengi kuliko aliyeuliza. Wapo waliokuja dukani wananiambia, "Wewe ndiye wa kiota cha ndege?" Jina langu halisi hawalijui.

Lingine ni jina la ukurasa. Mwanzo ukurasa wangu ulikuwa na jina langu la utani la shuleni, hata aliyependa jibu langu hakujua kama nina duka. Nikabadilisha, sasa jina lenyewe linasema vifaa vya kushonea Morogoro. Kwa hiyo nikijibu swali, jina linaonekana pale juu ya jibu, sina haja ya kujitangaza. Anayetaka atabonyeza. Na akibonyeza akute kitu, nimeweka picha za bidhaa zenye bei. Zenye bei, narudia, maana ile tabia ya "bei inboksi" nayo inachosha watu.

Na nina daftari. Kila swali nisilokuwa na bidhaa yake naliandika. Sindano za vitambaa vinavyovutika, zile zenye ncha ya mviringo zinazosukuma nyuzi badala ya kuzitoboa, niliandika mara saba ndani ya mwezi mmoja kabla sijazinunua. Mafundi walikuwa wanalalamika mshono unaruka kwenye magauni ya kubana, wanafikiri cherehani imezeeka. Leo ndizo zinazotoka sana kwangu. Duka lote la jirani halina. Kwa hiyo hizo kurasa za watu zinaniambia pia nikifika Kariakoo ninunue nini.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo sipendi kuisimulia.

Baada ya miezi kama mitano nilikuwa nimeshajulikana kidogo, kichwa kikavimba. Kuna mama mmoja fundi mkubwa hapa mjini, ana vijana sita wanamshonea. Alishaanza kuchukua zipu na bitana kwangu, kwa wiki hakosi wa 40,000 mpaka 60,000. Siku moja mteja wake akaandika kwenye ukurasa wake, gauni limefumuka pembeni na kuna vitundu vitundu kwenye mstari wa mshono, kaweka na picha. Mimi bila kufikiri nikajibu. "Hapo fundi ametumia sindano nene kwenye kitambaa laini, ndiyo maana kimetoboka. Angetumia namba 10 lisingefumuka."

Jibu lilikuwa sahihi. Watu wakalipenda sana, usiku ule nilipata wafuasi wapya kama themanini. Nikalala nimefurahi.

Wiki ile hakuja mtu kuchukua zipu. Wiki ya pili hivyo hivyo. Kisha nikagundua na mafundi wengine watatu wa jengo lile lile hawaji. Nikampigia, hakupokea. Mzee wa kibarazani nikamwonyesha kile nilichoandika, akasoma pole pole na miwani yake, akanirudishia simu akasema, "Nenda kwake. Usipige simu, nenda."

Nikaenda. Nikamkuta anakata kitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

Nikaanza kujieleza, kwamba nilitaka kusaidia, kwamba sikuwa na nia mbaya. Akaniacha niongee mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, "Namba yangu unayo?"

"Ninayo mama."

"Sasa mwanangu, namba yangu unayo, mlango wangu unaujua, kwa nini ulipita kwa wateja wangu kabla hujapita kwangu?"

Sikuwa na jibu. Lile gauni alishona kijana mgeni, yeye alikuwa msibani. Wateja wawili walishafuta oda zao za sendofu. Nilifuta ile komenti mbele yake, nikaomba radhi, na usiku nikaandika kwenye ukurasa wake kwamba nilikosea kusema bila kumuuliza. Alinijibu kwa neno moja, "Asante."

Mpaka leo hajarudi kama zamani. Anamtuma kijana kununua uzi, zipu na bitana anachukua kwingine. Wafuasi themanini wa usiku ule sijui hata mmoja aliyewahi kuninunulia. Ukifanya hesabu, kwa wiki moja tu mama yule alikuwa ananipa pesa ambayo wale wote pamoja hawajanipa.

Tangu hapo nina mpaka. Mwenye ukurasa akiuliza mwenyewe, najibu. Wasomaji wakiuliza jambo la jumla, najibu. Lakini mteja akilalamika kwa mwenye ukurasa, hapo sina mdomo. Nikiona nina kitu cha kusaidia namwandikia mwenyewe pembeni, "Shikamoo dada, nimeona hili, nadhani ni sindano, ukiona inafaa mjibu hivi." Jibu analitoa yeye kwa mteja wake, sifa inabaki kwake. Na mafundi wawili niliowafanyia hivyo sasa hivi wao wenyewe wanawaambia watu waje kwangu.

Wengine mtauliza, wewe una vifaa vya kushonea, mimi nauza vitu vingine. Anayeuza vipuri vya simu anajua kwa nini simu inachelewa kujaa chaji, anayeuza mbegu anajua kwa nini nyanya zinaoza kitako. Na kama hujui, tafuta mzee wako wa kibarazani. Sehemu ya kujibu bila kujua usiifanye kabisa, mtu atafumua nguo ya watu kwa ajili yako.

Usitegemee haraka. Mimi ile ya satini ilikuwa bahati, baada ya hapo nilikaa karibu wiki sita najibu tu na hakuna kilichobadilika. Bando linaisha, macho yanauma, jirani ananiuliza kama nimepata mchumba mtandaoni. Kilichonitia moyo ni daftari tena. Kila mteja mpya namuuliza, umetujuaje? Naandika. Mwezi wa kwanza wa kuandika walioniona kwenye kurasa za mafundi walikuwa wanne. Mwezi wa tatu 19. Mwezi uliopita 34, na 11 kati yao wako nje ya mji, Ifakara, Kilosa, Mikumi, wanalipa kwa lipa namba nami napeleka mzigo Msamvu kwenye basi. Wafuasi nina 2,300 hivi, lakini siku hizi hata siangalii sana hiyo namba. Kodi nimeshalipa mara mbili. Mama nimemrudishia 600,000, na akipiga Jumapili namtajia mauzo yenyewe.

Jana usiku kuna kaka wa Ifakara aliuliza kwenye ukurasa wa fundi mmoja, ovaloki yake inakata uzi mmoja tu wa upande wa kushoto, ameshabadilisha sindano mara mbili. Nimekaa na swali lile mpaka saa sita, sijui. Nimemwandikia kwamba sijui, ila asubuhi namuuliza mtu anayejua. Mzee ndio anafika sasa hivi na begi lake, ngoja niweke simu chini nimchukulie chai kwanza.